Duara la Mita Nne

Usiku wa jana, baada ya sala, niliota niko darasani, lile la jioni la watu wazima, ambako Mwalimu Ekitela anatufundisha kuchora ramani ya bonde letu la Lomerut kwa simu. Kwenye kiti chake limekaa Gazeti, limekunja nne.

Ni lile lile lililotuita Bonde la Mauti. Sista Kerubo, muuguzi aliyepangiwa zahanati yetu, alilisoma akasema haji. Na mkaza mwanangu, Akiru, mimba yake ina miezi minane.

"Lomerut hakuna watu," Gazeti linasema.

"Na mimi?"

"Wewe ni mapigano, mama."

"Uliwahi kuja?"

"Nilipita juu, kwa ndege. Mara moja."

Kwenye picha ya ukurasa wa kwanza, ng'ombe aliyekufa anainuka, anajikung'uta vumbi. "Mama, miaka tisa sasa wananichapisha, nakufa kila wiki. Nilikufa kwa uzee tu. Naomba nipumzike."

"Pumzika, baba," namwambia. Anaondoka taratibu. Picha inabaki nyasi.

Darasa sasa ni mto mkavu. Sheria ya Mwalimu ni moja: simama mahali mpaka duara la buluu kwenye simu, lile linalokisia ulipo, lisinyae, ndipo uweke nukta kwenye ramani. Mimi hupima kwa sala. Baba Yetu mbili, duara limefika mita nne. Lakini leo duara liko chini, limenizunguka, pana kama boma la ngamia.

Kisima kinakuja kwa miguu, kinachuruzika. "Niandike upesi, akina mama wananisubiri."

Nasali. Duara linasinyaa. Naweka nukta. Kanisa linafuata, limebeba kengele yake, ile rimu ya lori. Kisha shule, inachechemea, maana ukuta wake mmoja ni mbovu.

Mwisho wa foleni kuna Kivuko, pale walipopigana watu, wawili wakafa. Kinatazama chini.

"Mimi niache," kinasema.

Siwezi kusali na kudanganya kwa mdomo mmoja. Nakiandika.

"Umeona!" Gazeti linashangilia.

"Nimeona. Hiyo ni nukta moja. Na hizo nyingine zisome."

Gazeti linavaa miwani. Linasoma mpaka kivuli changu kinahamia upande wa pili.

"Kumbe kuna kanisa," linasema, kwa sauti ndogo.

Hapo Sista Kerubo anatoka ndani ya simu, urefu wa kidole, na sanduku lake.

"Nyumba ya muuguzi ni ipi, mama?"

"Hii hapa. Paa halivuji."

"Na choo?"

"Kiko nyuma. Mlango unafungwa kwa kamba. Sikufichi."

"Nani atanipokea?"

"Simama hapa nami, mwanangu."

Anasimama. Duara linatuzunguka sote wawili. Naanza Baba Yetu. Kumbe naye anaijua. Mita kumi. Sita. Nne.

Nikaamka. Akiru alikuwa akikoroga uji, mkono mmoja kiunoni. Habari za ile kamba sijawahi kumwambia mtu. Ni aibu yetu.

Nikafungua simu. Kulikuwa na ujumbe wa alfajiri, kutoka namba nisiyoijua:

"Mama, nafika Alhamisi. Hiyo kamba fungieni mbuzi. Nakuja na komeo. Kerubo."