Miaka Tisa Isiyo na Mwenyewe

Sichongi herufi kwenye shaba kabla sijamsomea mteja maneno yake kwa sauti, mstari kwa mstari, naye akajibu "ndiyo." Desturi hii nilipewa na Bi Zakiya. Mwaka wangu wa kwanza Muscat, Oman, nikijifunza kuchonga peke yangu, nilimtengenezea kibao cha mlangoni kwake Darsait nikakosea nambari ya nyumba. Hakunigombeza. Alikitundika jikoni.

"Ndani tunajijua, hatupotei," alisema. "Nchongee chengine, ila safari hii nisomee kwanza."

Miaka kumi na minne baadaye alikuja karakanani kwangu, mtaa wa Ghala, na mwanawe, Hatem. Marehemu mumewe alinunua jumba la kale Uingereza, liitwalo Harnwick. Hatem alitaka kibao kikubwa cha ukumbini, chenye majina ya wamiliki wote tangu karne ya kumi na tatu. Orodha aliinakili kutoka kijitabu cha wauzaji wa jumba, akaongeza jina la baba yake na lake.

Nilimpa Bi Zakiya kiti changu, nikasoma. Walter, aliyelijenga. Watawa waliorithishwa na mjukuu wake. Mfalme aliyewanyang'anya. Mfanyabiashara wa sufu aliyelinunua kwa mfalme. Kila mmoja Hatem akaitikia ndiyo.

"Thomas Coldham, hadi 1643. Edmund Coldham, kuanzia 1654." Nikasita. "Hapa kati, bwana Hatem, lilikuwa la nani?"

"Andika tu, fundi Jacob. Baba na mwana hao."

Nikaendelea hadi mwisho. "Sleiman bin Hamood, hadi 2009. Hatem bin Sleiman, kuanzia 2018."

Bi Zakiya alikuwa akitazama mikono yake. Aliwahi kunisimulia kwamba mumewe alimwandikia jumba lile kabla hajafa, na kwamba baada ya msiba kila kiangazi alikwenda mwenyewe kusimamia mafundi wa paa. Ningeweza kunyamaza, familia si yangu. Lakini shaba haifutiki, na wajukuu wangeamini watakachokisoma.

"Hapa pia pana miaka tisa," nikasema. "Haina mwenyewe."

"Mama alikuwa akinitunzia tu."

"Nilikutunzia?" Bi Zakiya akacheka. "Kama kuku na yai! Hati ilikuwa na jina langu, baba. Nilikupa kwa sababu lilikuwa langu. Mtu hatoi cha mwenzake."

Hatem alijishika paji la uso. Sidhani alikusudia ubaya. Aliifuata orodha kama alivyoikuta, nayo ilizoea kuruka wanawake.

"Nisamehe, Mama. Fundi, mtie."

"Ngoja kwanza," akasema mama yake. "Na pengo la wale Coldham? Baba kafa, mwana bado hajarithi. Pana mwenzangu hapo. Mtafute."

Hatem alimpigia simu mwangalizi wa jumba. Siku ya tatu walirudi na jina, nami nilikuwa nimeshapanga mistari upya. Nikasoma.

"Margery Coldham, mjane, 1643 hadi 1654."

"Ndiyo," akajibu Bi Zakiya, kama aliyetajiwa jirani.

"Zakiya binti Khalfan, 2009 hadi 2018."

Hatem akamtangulia: "Ndiyo."

Kabla ya kuwasha mashine nilimwambia Bi Zakiya ahsante.

"Ya nini tena?"

"Ya kile kibao cha jikoni."

"Kipo," akasema. "Kimeingia moshi, lakini kipo."