Mzinga Usio na Nyuki

Mbaluka alimtazama yule msichana wa koti jeupe kama mkulima anavyotazama pakiti ya mbegu iliyokwisha kufunguliwa.

"Ni kipande tu, mzee," alisema Wangechi. "Kesho daktari atatoa mshipa mguuni mwako aushone moyoni, damu ipate njia mpya. Kinachobaki hutupwa. Sisi wa utafiti tunakiomba."

"Mkifanyie nini?"

"Tunakitundika kwenye maji ya dawa, tuone kama kinakaza na kulegea. Mshipa wa mtu mwenye sukari, presha au tumbaku huwa mkaidi, haulegei vizuri. Ukishonwa moyoni, huziba mapema." Alifungua fomu. "Sukari?"

"Kidogo."

"Presha?"

"Hiyo ninayo."

"Tumbaku? Ya kuvuta, kutafuna au kunusa?"

Kavindu, mkewe, alikuwa kando ya kitanda akimenya chungwa. Mbaluka aliona kisu kimesimama. Au alidhani tu?

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema. "Tumbaku sijui hata harufu yake. Na hiyo fomu siweki sahihi."

"Si lazima, mzee. Operesheni iko palepale," Wangechi alisema kwa upole, akatoka. Upole ule nao Mbaluka hakuuamini.

Ni Mbaluka huyu aliyesimama mbele ya waumini huko Kikima, miaka miwili iliyopita, akamvua Kyule, mdogo wake wa tumbo moja, uongozi wa kwaya kwa kukutwa na ugoro. Na ni Mbaluka huyuhuyu ambaye kwa miaka thelathini alificha kikopo cha ugoro ndani ya mzinga mtupu nyuma ya zizi, akijua hakuna atakayethubutu kutia mkono humo. Mdomo wake angeweza kuuamuru. Mshipa je, ukishatundikwa kule kwenye maji yao?

"Kwa nini umekataa?" Kavindu aliuliza.

"Mama Wavinya, hawa watu wanauza mishipa. Leo kipande, kesho mguu mzima."

Alidhani amefunga mjadala. Kavindu aliweka chungwa chini, akafuta mikono, akavuta begi kutoka chini ya kitanda.

"Kama wanauza, basi hawakugusi. Nimeshamwandikia Wavinya alete gari. Tunarudi nyumbani."

"Na moyo wangu?"

"Utaombewa."

Daktari alikuwa amesema wazi: bila operesheni, Mbaluka hataziona mvua za Novemba. Alimwangalia mkewe akikunja shati, kisha sweta, kisha taulo. Anacheza? Uso wake ulikuwa mkavu kama lami ya Kibwezi saa saba mchana.

"Labda nilisikia vibaya," alijaribu.

"Ulisikia kwa nani?"

"Watu."

"Watu gani, Baba Wavinya?"

Alitaka kusimama akamzuie. Kifua kikambana, jasho likamtoka, akaketi tena. Begi lilikuwa karibu kujaa.

"Kavindu." Hakuwa amemwita kwa jina tangu mtoto wao azaliwe. "Hakuna anayeuza chochote. Ni ugoro. Ninanusa."

Mkewe aliendelea kukunja. "Hizo leso zako za kahawia, unadhani hufuliwa na malaika?"

"Ulijua?"

"Hata mzinga ninaujua. Nilitaka kuona kama utachagua kufa kuliko kusema."

"Na gari la Wavinya?"

"Gari gani? Mtoto yuko Kitui, anafundisha. Sijamwandikia mtu." Alitoa simu, akabonyeza, akamwekea mkononi. "Lakini huyu nimempigia. Msichana atapata fomu yake. Wa kwanza kuambiwa ni huyu."

"Mzee wa kanisa!" sauti ya Kyule ilipasuka. "Umezidiwa kiasi hicho mpaka unikumbuke?"

Mlangoni, Kavindu alikuwa akimpungia mkono Wangechi arudi.

"Kyule, uko nyumbani?"

"Niko. Kuna nini?"

"Nenda nyuma ya zizi langu. Utie mkono kwenye ule mzinga wa mwisho."

Kyule alijibu kwa sauti ya mtu aliyewahi kuumwa: "Ulininyang'anya kwaya, sasa unataka nyuki waninyang'anye macho?"

"Hakuna nyuki humo, ndugu yangu," Mbaluka alisema, na Wangechi alikuwa tayari amesimama pale na kalamu. "Hakujawahi kuwa na nyuki."