Mji Alioutoa Sadala

Jua la adhuhuri limelemea Ujiji, na Sadala, aliyetoka Tabora kuja kumuuguza dada yake Mwavita, amejinyoosha mkekani nje ya chumba cha mgonjwa, anasikiliza pumzi zake kupitia pazia la buluu la mlangoni. Hajafumba macho sawasawa, mkeka unakuwa barabara. Inashuka ziwani, ila ziwa nalo linashuka. Akienda hatua, Tanganyika inarudi hatua, na ndani ya maji Ujiji nyingine imesimama kichwa chini, na vibaraza vyake, na lile pazia la buluu. Kando yake anatembea mtu mwenye uso laini kama kisigino cha mtoto mchanga, hana jicho wala mdomo. Bwana, kwa Mwavita napitia wapi? Kitendawili, anasema yule. Mimi nina mgonjwa, wewe unaniletea michezo ya watoto? Kitendawili. Haya tega, mshenzi wewe. Nikimwita hukimbia, nikimsahau hunijia. Kivuli, anasema Sadala. Ziwa. Mke wa pili. Yule anatikisa kichwa. Umeshindwa, nipe mji.

Tangu utotoni Mwavita alikuwa akimfinya kila mchezo ukifika hapo: toa Tabora, toa Kigoma, toa hata Unguja, Ujiji usitoe, sisi tutalala wapi? Lakini nyayo zinamwaka moto, na ulimi unatangulia akili. Chukua Ujiji, niache nipite.

Yule anacheka bila mdomo. Nimekwenda Ujiji, anasema, nimepokewa vizuri, dada yako kanipisha kitandani. Jibu ni usingizi. Anainama, anaukunja mji kama mkeka, nyumba juu ya nyumba, pazia la buluu mwisho kabisa, anautia kwapani. Rudisha! Nakupa Tabora, nakupa na mke wangu na kuku wake wote! Mji hautolewi mara mbili, shemeji.

Sadala analidaka pazia, anavuta, anaamka. Pazia limo mkononi mwake, limeng'oka na kamba yake. Dada? Chumbani Mwavita ameupa ukuta uso, amejifunika kanga hadi utosini. Sadala anasubiri pumzi. Inakuja sauti, nyepesi, ya mchezo. Kitendawili. Dada, geuka kwanza nikuone. Hageuki. Nje barabara bado inashuka. Kitendawili, Sadala. Na Sadala, mtu mzima mwenye mvi zake, anauma ulimi asije akasema tega.