Aliyezungusha Winchi

Januari alifika Shinyanga Ijumaa jioni, suti ya kuazima ndani ya mfuko wa nailoni, na kabla hajatua mzigo alikuwa ameshasifiwa. Mama mzazi wa bwana harusi alimshika mikono yote miwili katikati ya uwanja pale Ngokolo, akamtikisa kama mtu anayepepeta mahindi.

"Huyu ndiye aliyenirudishia mwanangu!" alisema, akageuka ili wageni wote wasikie. "Bila huyu, nyie, tungekuwa tunafagia kaburi."

Watu wakapiga vigelegele. Ritha, binti mkubwa wa maharusi, akaja kupiga goti. "Shikamoo, Baba Mageni."

"Marahaba, mama," alijibu Januari, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Watu husema ana unyenyekevu. Miaka tisa wamekuwa wakisema hivyo.

Bwana harusi alikuwa Sostenes, rafiki yake wa machimboni kule Geita. Alikuwa ameishi na Paskazia miaka kumi na sita, wakazaa watoto wanne, mpaka padri akachoka kuwasema. Sasa ndoa ilikuwa inabarikiwa, na Sostenes alikuwa ameapa kwamba, kwa kuwa amechelewa, atachelewa kwa kishindo. Kamati ya sherehe, sare za kitenge, matarumbeta, ukumbi, ndafu, keki ya ngazi tano. Na Januari akapangiwa kiti meza kuu, pembeni ya wazazi.

Sasa ukweli wenyewe ni huu, na Januari aliujua kama anavyojua njia ya kwenda kwake.

Miaka tisa nyuma, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa winchi, ile roda ya kuzungusha kamba inayopandisha watu na mawe, kwenye duara walilochimba. Duara ni shimo la kwenda chini, hilo lao lilikuwa na urefu wa minazi mitatu, na mtu wa winchi kazi yake ni moja: hakai mbali na mdomo wa shimo mradi kuna binadamu chini. Hata haja ndogo, unaita mwenzako kwanza. Siku hiyo Sostenes yuko chini peke yake, Januari akaondoka kwenda kibanda cha video kuangalia mpira. Alijiambia dakika tano. Alikaa mpaka mapumziko.

Udongo ukashuka chini kule. Sostenes akajifunga kamba kiunoni, akaitikisa, akapiga kelele. Juu hakuna mtu.

Aliyesikia ni Kudra, mwanamke aliyekuwa anauza uji. Machimbo yale yalikuwa na mwiko: mwanamke hakanyagi mdomo wa duara, akikanyaga dhahabu inakimbia. Walikuwa wamepanga mawe kuonyesha mwisho wa wanawake, na Kudra kila siku aliweka ndoo yake kwenye mawe akaita. Siku hiyo aliruka mawe. Akashika winchi peke yake, akazungusha. Januari alipofika anakimbia, kichwa cha Sostenes kilikuwa kimeshatokeza. Kazi aliyofanya yeye ni kumshika makwapa na kumlaza chini.

"Ondoka," alimwambia Kudra. "Wakikukuta hapa watakuua."

Kudra akarudi nyuma ya mawe. Sostenes akafumbua macho, na uso wa kwanza aliouona ukawa wa Januari.

Kama ingeishia hapo, labda mtu angesema ni bahati mbaya. Lakini wiki iliyofuata mawe yenye dhahabu yalipungua, na mchimbaji mmoja akasema aliona mwanamke kwenye winchi. Mwenye duara akamuuliza Januari mbele ya watu: yule mwanamke alikuja kufanya nini? Januari alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Badala yake akasema, "Mimi sijui. Muulizeni mwenyewe." Wakamwaga uji wa Kudra, wakapondaponda masufuria kwa nyundo za mawe, wakamfukuza na mtoto mgongoni. Sostenes wakati huo alikuwa amelazwa, hakujua lolote. Na Januari hakumwambia.

Jumamosi, baada ya misa, wageni walipoanza kumiminika ukumbini saa tisa alasiri, Januari alizunguka nyuma kutafuta maji ya kunawa uso. Akakuta wapishi. Mmoja alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa ya pilau, anageuza kwa mwiko mrefu kama kasia, kanga kiunoni.

Miguu ya Januari ilimtambua kabla ya kichwa. Ilikataa kwenda.

"Kudra?"

Mwanamke aliinua macho, akamtazama kuanzia viatu mpaka tai.

"Baba Mageni. Sogea, moshi utaharibu suti ya watu."

"Umejuaje si yangu?"

"Mabega."

Wapishi wenzake wakacheka. Januari akacheka pia, kicheko kikavu.

"Unakaa wapi siku hizi?"

"Kahama, Nyasubi. Napikia shughuli. Kamati walinipigia simu."

Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Unajua harusi ni ya nani?"

"Nimeona picha getini. Amenenepa."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Nimeitwa kupika kilo themanini za mchele, sikuitwa kutoa ushahidi."

"Kudra, nisamehe."

Mwiko ukasimama. Kudra alifuta jasho usoni kwa kiwiko. "Miaka tisa, halafu unaniletea kwenye sufuria inachemka? Wali ukiungua hapa nitalaumiwa mimi. Ingawa kulaumiwa nimeshazoea." Akarudi kugeuza. "Nenda kakae walikokupangia. Wanakusubiri."

Alikwenda. Angeweza kwenda stendi, lakini alikwenda meza kuu, kwa sababu mtu aliyezoea kusifiwa hata akiona aibu miguu yake inajua njia ya kiti.

Ukumbi ulikuwa umewaka. Maharusi waliingia wakicheza hatua mbili mbele, moja nyuma, watoto wao wanne nyuma yao, na mshereheshaji, kijana mwembamba aitwaye Maige, hakumpa mtu nafasi ya kupumua.

"Bibi harusi, miaka kumi na sita unapika bila leseni! Leo umepata leseni, usije ukagoma!"

"Nitagoma kesho!" Paskazia akajibu kwa sauti, na ukumbi ukaanguka kwa vicheko.

"Upande wa bwana harusi! Mmekuja kucheza au kuchunga? Mbona mmesimama kama mnahesabu ng'ombe?"

Wajomba wa Sostenes wakainuka wote, sakafu ikatikisika kama kuna mkutano wa mbina, ngoma za Kisukuma. Januari alipiga makofi pamoja na wengine. Alipopiga makofi alihisi mikono yake ni ya mtu mwingine.

Ndipo ikaja keki. Maharusi wakakata, wakalishana, kisha wakaanza kuwalisha waliowafaa maishani. Mama mzazi. Wakwe. Wasimamizi wa ndoa. Kila mmoja Paskazia alimpigia magoti na gauni lake jeupe, akamwekea kipande kinywani.

Sostenes akachukua kipaza sauti. "Ndugu zangu, mama yangu amenizaa mara moja. Lakini mimi nimezaliwa mara mbili." Akageukia meza kuu. "Aliyenizaa mara ya pili yuko hapa. Aliniona nakufa, hakunikimbia. Januari, nkoi wane, rafiki yangu, simama mke wangu akulishe."

Ukumbi mzima ukasimama. Matarumbeta yakalia. Paskazia akaja na sahani, akapiga magoti, akainua kipande cha keki mpaka kwenye midomo ya Januari. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Januari hakufungua kinywa.

"Fungua, Baba Mageni!" Maige akapaza. "Au unataka nyama? Ndafu inakuja, usigombe!"

Watu wakacheka. Paskazia akatabasamu. "Shemeji," alinong'ona, "kula. Magoti yanauma."

Labda ni yale magoti. Angeweza kumeza sifa nyingine, alishameza nyingi. Lakini mwanamke anayepigia magoti uongo, na sakafu ya saruji, na yule mwingine nyuma ya ukuta kwenye moshi.

"Si mimi, Mama Ritha," alisema, taratibu, Paskazia na Sostenes tu ndio waliosikia. "Mimi nilikuwa kwenye mpira. Winchi ilizungushwa na Kudra wa uji. Walimfukuza kwa ajili hiyo na mimi nikanyamaza. Yuko jikoni, anawapikia."

Matarumbeta yalikuwa bado yanalia. Paskazia alibaki chini kidogo, kipande mkononi. Kisha akainuka bila kusaidiwa, akakusanya gauni lake, akatoka na sahani kwa mlango wa nyuma.

"Bibi harusi anakimbia!" Maige akapiga kelele. "Jamani, leseni mpya hiyo!"

Sostenes alibaki amesimama mbele ya rafiki yake. Hakumpiga. Januari alitamani ampige.

"Kwenye mpira," alisema Sostenes.

"Ndiyo."

"Nani walikuwa wanacheza?"

Januari alifikiri. Alifikiri kweli. "Sikumbuki."

Sostenes alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei ya kitu. Januari akaanza kuvuta kiti ili aondoke.

"Kaa," akaambiwa. "Ukiondoka watauliza, na leo ni siku ya mke wangu. Utakaa hapo mpaka mwisho. Jumatatu tutakwenda wote wawili machimboni, utasema kwa mdomo wako, mbele ya kila aliyemfukuza."

Naye akafuata mlango wa nyuma.

Januari akakaa. Hatukuambiwa walisemezana nini kule jikoni. Kudra alikataa kuingia ukumbini, alisema wali hauna mtu, lakini keki aliila. Maharusi waliporudi, gauni la Paskazia lilikuwa na masizi upindoni na hakuyafuta.

Kisha ukafika wakati wa zawadi. Foleni ikapita mbele ya meza kuu ikicheza, na kila aliyempa bwana harusi mkono aliunyoosha na kwa Januari pia.

"Hongera, mkombozi!"

"Mungu akubariki, baba!"

"Watu kama wewe wamebaki wachache!"

Alisimama akawapa mkono, mmoja baada ya mwingine, na foleni ilikuwa ndefu.