Kiluwiluwi Katika Dumu la Tatu

"Kiluwiluwi hakipiti kwenye bomba," nilisema kwa mara ya tatu, "kwa hiyo mmoja wenu aniambie hiki kimeingiaje."

Tulikuwa wanne, tumebanana kwenye ujia wa kuelekea vyumbani, na katikati yetu dumu la tatu lilikuwa wazi. Nilipomulika ndani kwa tochi, kidudu chembamba kilikuwa kinajikunja na kujikunjua kwa raha zake, kama mwenye nyumba.

Mume wangu alisema huenda kilikuwamo tangu mwanzo. Nikamuuliza kimeishi humo miezi mitano kikila nini, kifuniko? Mama mkwe akakohoa. Binti yetu, kifungua mimba, akawa anasoma ukutani, na ukuta ule hauna hata herufi moja.

Niseme kilichonipandisha. Bomba lilikuwa limekauka tangu asubuhi. Tulitangaziwa kwamba bomba kuu linabadilishwa, kazi ya siku nne. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana mtoto wa siku kumi na mbili anayetumia maziwa ya chupa, na anakaa ghorofa ya nne kwenye nyumba isiyo na tangi. Mumewe yuko safarini. Nilimpigia mimi mwenyewe nikamwambia afunge mizigo aje kwangu, kwangu kuna madumu sita ya lita ishirini, maji yametiwa dawa na kufungwa kwa utepe. Nililisema hilo kwa majivuno, sitalikataa. Angefika saa kumi. Sasa ilikuwa saa nane, na maji yangu safi yalikuwa na mpangaji.

Wa kwanza kusema ukweli alikuwa binti. Siku moja bomba lilitoka kwa kudondosha, naye alikuwa na povu kichwani, akachukua nusu ya dumu la kwanza. Ili nisijue, alijazia kutoka kwenye pipa la mvua nyuma ya jiko, akarudisha utepe vilevile. Mama mkwe naye akakiri la pili na la nne: maji ya kukandia miguu, kidogo kidogo, na kila alipochota alirudishia ya pipa kwa uaminifu mkubwa. La sita walishirikiana bila kujuana. La tatu lilikuwa la mume wangu. Alioshea pikipiki juzi, akajazia kutoka pipa lile lile.

"Pikipiki," nilisema.

"Mama watoto, ulisema atakayegusa dumu ahame nalo," alijitetea. "Ningehamia wapi na dumu?"

Binti alicheka, akajiziba mdomo. Mama mkwe hakucheka. Aliniambia kwa upole, na upole wake ndio huniumiza, nimpigie wifi abaki kwake. Mjukuu wake hatanywa maji ya pipa.

Alikuwa na haki. Nilikuwa tayari na simu mkononi.

Lakini kumpigia wifi maana yake ni kumwacha ghorofa ya nne na kitoto kichanga, anunue maji chupa kwa chupa na kuyapandisha ngazi na mshono wake wa uzazi bado haujapona. Nikairudisha simu mfukoni. Nikawaambia tuna saa mbili, na maji hayajatushinda bado.

Ndipo binti akauliza, "Na la tano, mama? Utepe wake umefungwa mara mbili."

Niliuangalia ule utepe kana kwamba sijawahi kuuona. "La tano ni mimi," nilisema. "Chai. Jumatatu ile niliyochelewa kazini. Nikajazia ya pipa."

Mume wangu aliketi chini kabisa, akacheka mpaka akashika ukuta. Hata mama mkwe alitabasamu. Mimi ni mtunza stoo, nina stashahada ya ugavi imetundikwa sebuleni, na kila siku nawafundisha vijana wa kazini kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka, kwa sababu mali isiyoguswa huishia kuharibika au kuibwa. Yangu ilikuwa imefanyiwa yote mawili, na wezi wote wanakula mezani kwangu, nikiwamo mimi.

Tukaanza. Dumu la tatu likaenda kuwa la kumwagia chooni, na mume wangu ndiye aliyelibeba. Matano yaliyobaki tuliyachuja moja moja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, tukisugua kila dumu kwa sabuni kabla ya kuyarudisha. Mume wangu alitumwa dukani kuleta dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile isiyo na manukato. Akarudi na yenye harufu ya maua. Nilimuuliza kama mpwa wake anapelekwa harusini, akageuza pikipiki yake safi akarudi dukani.

Maji yalikuwa na ukungu kidogo, kwa hiyo matone manne kwa lita badala ya mawili. Themanini kwa dumu. Binti aliyahesabu kwenye kikombe kwanza, ili akipotea aanze upya bila kulitia dumu dawa kupita kiasi. Alipotea mara mbili, zote kwa sababu baba yake alimchekesha. Gesi iliyobaki isingechemsha lita mia, ila ya mtoto ilitosha: yake niliyachemsha mpaka yakatokota sawasawa, nikayajaza kwenye chupa mbili za chai zilizosafishwa.

Tulisubiri nusu saa kwa saa ya ukutani. Mama mkwe alifungua dumu la kwanza, akanusa, akajimiminia kikombe na kunywa chote.

"Yananuka hospitali," alisema.

"Ndivyo yanavyotakiwa, mama. Yasingenuka kabisa, tungerudia."

Simu ikaita. Wifi alikuwa chini ya ngazi zake na mtoto na mabegi, dereva wa teksi anamharakisha, anataka kujua aje au asije. Nilimpa simu mama mkwe. Alinitazama, akatazama chupa za chai, akamwambia binti yake, "Njoo. Maji ya mtoto nimeyasimamia mwenyewe."

Nikachukua kalamu ya wino mzito. Nilifuta tarehe za zamani za kujazwa kwenye madumu, nikaandika mpya, na chini yake la kwanza Binti, la pili Bibi, la nne Baba, la tano Mimi, la sita Wifi. Kila mtu atumie lake wazi wazi, na maji yakirudi alijaze na kulitia dawa mwenyewe. Kisha nikang'oa mabaki yote ya utepe, nikayatupa, nikamimina vikombe vinne kutoka kwenye langu.