Droo ya Kila Mtu

Ile droo ya mafaili pale redioni imenichosha, na nitasema kwa nini.

Kila kituo cha redio nchini kwetu kilitakiwa kuwa na kumbukumbu za umma: leseni, orodha za vipindi, matangazo ya wagombea. Mtu yeyote aliweza kuingia saa za kazi akasema anataka kuziona, na ilikuwa marufuku kumuuliza anazitakia nini. Hapa Halvern, Nebraska, ofisi niliiendesha mimi na kumbukumbu zilijaa droo moja ya kabati; aliyeitumia haki hiyo ni Emmett Vopat peke yake, mkulima mstaafu aliyefiwa na mkewe. Kila asubuhi alivuta kiti, akafungua faili magotini, akanywa kahawa yangu huku akinilalamikia bei ya mahindi. Kusoma hasomi.

Halafu ikaja amri: kumbukumbu zote ziingizwe kwenye hifadhi ya serikali mtandaoni, na kituo kitakachochelewa kisishangae leseni yake ikikwama. Bosi wetu, Curtis Dahlgren, anayeishi Omaha, akanipigia simu.

"Marlys, droo ikishaingia mtandaoni, sina sababu ya kuweka ofisi Halvern. Vipindi tutavirusha kutoka huku. Wewe utafanyia kazi nyumbani."

"Na wanaokuja hapa?"

"Nani anakuja huko?"

Nikamtazama Emmett. Alikuwa anachovya mkate wa plamu kwenye kahawa.

Basi nikabanwa. Nikimaliza, mlango unafungwa. Nisipomaliza, redio yenyewe inaweza kuzimwa. Nikaanza kazi, na ule mtandao wa serikali ukanipandisha presha. Unapakia faili, linakaribia kabisa kuingia, linagoma. Unapiga simu kuomba msaada, unawekewa muziki.

Emmett aliposikia habari hizo, akaanza kuwahi kufika kabla yangu, na kuchukua faili lile lile ninalolitaka.

"Mzee Emmett, nipe hilo nilipitishe kwenye skana, liingie mtandaoni."

"Nalisoma."

"Umelishika kichwa chini miguu juu."

"Sheria inasema usiniulize maswali, binti yangu."

Binti, na mimi nina wajukuu. Kesho yake akaja na majirani zake wawili, kila mmoja na faili lake, wamejipanga kama wanasubiri kinyozi. Hapo nilikasirika.

"Leseni ikienda, redio nzima imekwenda," niliwaambia. "Matangazo ya misiba, tahadhari za kimbunga, mechi za watoto wa shule, vyote. Mnataka viti au mnataka redio?"

Wale wawili wakavaa kofia zao wakaondoka. Emmett alilifunga faili, akaliweka mezani kwangu, akatoka. Nilitamani angeendelea kubishana.

Nilimaliza kabla ya siku ya mwisho. Skrini ikaandika kwamba kumbukumbu zimepokelewa. Curtis akaniandikia "kazi safi," na siku hiyo hiyo akamtuma fundi kubadilisha kufuli. Nilikuwa na hasira ya kupasua sahani, na wa kumkasirikia sikumpata, maana kazi niliifanya mwenyewe na niliifanya vizuri.

Jumatatu nilirudi kuchukua mashine yangu ya kahawa aliyoniwekea fundi nje. Nikamkuta Emmett mlangoni, kikombe chake kikining'inia kidoleni, ananakili kiganjani anwani ya mtandao kutoka kwenye karatasi ya Curtis aliyoibandika fundi.

"Kwa hiyo droo imehamia hapa," alisema.

"Ndiyo. Mtu yeyote anaweza kuiona, saa yoyote."

"Hapafungwi?"

"Hapafungwi, mzee."

Akakitazama kiganja chake.

"Na ukifika," aliniuliza, "unamkuta nani?"

 Nikaipakia mashine kwenye gari, nikamfungulia mlango wa mbele apande, tukanywe kahawa kwangu.