Nani Asijue Umekuja

Mwezi wa tatu baada ya kumzaa Gendis, niliacha kumwogesha. Nilimwambia mama mkwe kiuno kinaniuma. Ukweli ni kwamba kila nilipomshika kando ya kisima chetu, kichwa kilinionyesha mikono yangu ikimwachia. Sikutaka. Nilimpenda kiasi kwamba akipiga chafya tu maziwa yananitoka. Lakini picha ile ilikuja, na ikija nilimrudisha ndani bado mkavu.

Kwa hiyo nilikwenda kituo cha afya cha pale kwetu, nje kidogo ya mji wa Klaten, nikaonana na Mama Murti, muuguzi aliyesomea ushauri nasaha. Ni mtu mwema, hilo sitalifuta. Alinishika mikono, akaniita mwanangu, akanimiminia chai yenye sukari nyingi. Nikamwambia nusu: kwamba nalia ovyo, kwamba naogopa kumwogesha mtoto. Nusu nyingine nikaiweka kwa siku nyingine.

Siku hiyo haikufika. Jumapili wanawake kumi na mmoja wa mtaa wetu walikuja kwa mstari, na machungwa na mikate. Kwetu mgonjwa haachwi alale peke yake. Asipotembelewa ni aibu ya mtaa mzima. Mama Murti alikuwa amewaambia kwa huruma tu, waje wanipe moyo. Wakajipanga kwenye mkeka, wakanitazama.

“Mbona umependeza?” akasema Bi Tumirah. “Tulijua tutakukuta umefungwa kamba.”

Wakacheka, nami nikacheka, maana mgeni akikutania unacheka. Mwingine akambeba Gendis, akasema mtoto mnono namna hii mama yake analilia nini, kama hamtaki basi ampe yeye. Kisha mmoja akauliza, kama anayeuliza bei ya pilipili, eti ni kweli naogopa kumwogesha? Mama mkwe alikuwa anamenya chungwa. Kisu kikasimama.

Tangu hapo hakuniachia mtoto. Ananiletea anyonye, anasimama mlangoni, akishiba anamchukua. Mume wangu Danang yuko ng'ambo ya bahari, Kalimantan, kwenye mashamba ya michikichi. Kwenye simu alisema nimsikilize mama yake. Na mama yake akaamua: Jumamosi atampeleka Gendis kwa dada yake, Wonogiri, mpaka nitulie. Sikujua kutulia kunapimwaje. Nilijua tu kwamba mtoto akiondoka maziwa yatakauka, na mimi nitakauka nayo.

Jumatano Kinasih, rafiki yangu wa darasa la jioni, akanipandisha basi la kwenda mji wa Solo. Mshauri wa kwanza tuliyempata, bwana mmoja mwenye vyeti ukutani, aliniuliza nasali mara ngapi kwa siku, akanipa karatasi ya kujifunza kuvuta pumzi. Dakika kumi. Nilishukuru kwa adabu, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia Kinasih turudi, mimi sina dawa.

“Basi la kurudi ni saa kumi,” akasema. “Sasa hivi saa sita. Saa nne zote ukalie ngazi za watu? Inuka wewe, kuna mwingine.”

Huyo mwingine, Dada Hapsari, alikuwa na mafua na leso mkononi. Hakunishika mikono. Kabla sijafungua mdomo akauliza:

“Nani hutaki ajue kwamba umekuja hapa?”

Nikaanza kuwataja. Nilipofika kwa wa nane nikagundua nalia na kucheka kwa pamoja. Akasubiri nimalize wote kumi na mmoja, na Mama Murti juu yao. Akasema hakuna neno langu litakalotoka chumbani humo, isipokuwa akiona uhai wangu au wa mtoto uko hatarini. Na hata hapo ataniambia mimi kwanza.

Hiyo “isipokuwa” ndiyo iliyonifanya nimwamini. Mama Murti hakuniwekea mpaka wowote. Nikatoa nusu niliyobakiza.

“Naona mikono yangu ikimwachia kisimani.”

Hakushtuka. Akauliza, picha hiyo naiita au inakuja yenyewe? Inakuja. Ikija nafanya nini? Nakaa mbali na mtoto.

“Basi unamlinda,” akasema. “Hii huwapata mama wengi, na inatibika. Ila hutaibeba peke yako.”

Akaniuliza wazi kama kuna wakati natamani kufa. Nikajibu kweli: kuna asubuhi. Hapo ndipo alipoandika. Akaniomba ruhusa Kinasih alale kwangu siku ile, nikakubali. Akafungua daftari la miadi: Jumatano ijayo. Nikamwambia Jumamosi mtoto anaondoka. Akapenga kamasi, akatazama tena, akasema kesho saa tatu. Nije na mama mkwe. Na mtoto.

Jioni hiyo nyumbani, mama mkwe alinisikiliza akiwa amempakata Gendis. Nilimwambia yote, na kusema mara ya pili hakukuwa rahisi kuliko ya kwanza. Akamweka Gendis begani, akampigapiga mgongo mpaka akacheua. Kinasih akajifanya anakunja nepi.

“Huko mtoto anaruhusiwa kuingia?” akauliza hatimaye.

“Amesema aje, Mama.”

Akaniwekea Gendis mapajani, akaenda chumbani kutafuta ushungi wake wa kutokea kesho. Mlango aliuacha wazi, na kila mara kichwa chake kilichungulia. Nikamwacha achungulie. Mtoto alikuwa kwangu.